Umeajiriwa serikalini Kenya juzi juzi? Jua pesa yako ya uzeeni inaenda wapi

Mpwa wangu alikuwa mwalimu intani wa JSS, yaani sekondari ya chini, akasota na ile posho mpaka barua ya TSC (tume ya kuajiri walimu) ya ajira ya kudumu ikatoka, mtaa mzima ukajua. Pesilipu ya kwanza ilipoingia kwa TPay, ile potali ya pesilipu za walimu, akaja nayo jioni moja tumekaa barazani na mahamri, akaivuta kwa kidole kwa simu hadi herufi zikawa kubwa kama za bango, akaniuliza, "Mjomba, hawa PSSS ni kina nani na mbona wamenichukua elfu tatu mimi hata siwajui?"

PSSS ni mfuko wa pensheni wa watumishi wa serikali, na nikaona swali lake ni la watu wengi. Ukiajiriwa unapewa barua, unapewa fomu kumi za kutia sahihi kwa haraka, unaambiwa leta kopi ya kitambulisho na PIN ya KRA, wale wa kodi, basi, hakuna anayekukalisha chini kukueleza uzee wako umepangwaje. Nilivyomweleza yeye ndivyo nitakavyoeleza hapa, na mimi si mtaalamu wa bima wala wakili, ni karani wa serikali niliyehamishwa kwa huu mfumo pamoja na wenzangu mwaka 2021 tukanung'unika wee halafu tukazoea.

Kwanza, kimebadilika nini

Zamani, ukisikia mtu ni "pamanenti na pensheni", pensheni yake ilikuwa chini ya Sheria ya Pensheni, Sura ya 189. Mfanyakazi mwenyewe hakuwa anachangia pensheni yake (kulikuwa na kale kaasilimia 2 ka mfuko wa wajane na watoto, hako ni kando), serikali ndo ilikuwa inalipa yote kutoka hazina siku ukistaafu. Hakukuwa na akaunti yenye jina lako popote. Kulikuwa na hesabu tu: chukua mshahara wako wa mwisho wa mwaka, zidisha kwa miezi uliyofanya kazi, gawa kwa 480. Mtu aliyemaliza miaka 30 ana miezi 360, kwa hiyo 360 kwa 480 ni robo tatu ya mshahara. Halafu robo ya hiyo pensheni aliweza kuibadilisha iwe pesa ya mkupuo, inazidishwa mara 20, na robo tatu iliyobaki analipwa kila mwezi.

Weka namba uone. Mshahara wa msingi, yaani besiki, 40,000 kwa mwezi, ni 480,000 kwa mwaka. Robo tatu yake ni 360,000. Robo ya hiyo ni 90,000, mara 20 ni milioni 1.8 mkononi, na kila mwezi 22,500. Wazee wetu wamejenga kwa hesabu hiyo.

Lakini bili ya pensheni ikawa inapanda kila mwaka na hakuna kibubu kilichowekwa kwa ajili yake, inatoka kwa kodi ya mwaka huohuo. Bunge likapitisha sheria ya PSSS mwaka 2012, ikakaa kwenye droo miaka na miaka manake serikali nayo ilitakiwa iwe inatoa mchango wake kila mwezi na hizo pesa zilikuwa hazipatikani, hadi ikaanza kufanya kazi tarehe 1 Januari 2021. Waliokuwa chini ya miaka 45 siku hiyo tukahamishwa bila kuulizwa, wa 45 kwenda juu wakapewa hiari ya kubaki kule kule ama kuvuka. Na yeyote anayeajiriwa baada ya hapo anaingia PSSS moja kwa moja, hana la kuchagua.

Makato yalianza polepole, asilimia 2 mwaka wa kwanza, 5 mwaka wa pili, na kuanzia mwaka wa tatu ni 7.5. Wewe unayeingia sasa hukuti hizo hatua za kulegezewa, unaanza na 7.5 ya besiki. Serikali inaweka 15. Kwa hiyo hizo elfu tatu za mpwa wangu (besiki yake tuseme 40,000 tusisumbuane na namba) zinafuatana na elfu sita za serikali, jumla elfu tisa kila mwezi kwenye akaunti yenye jina lake.

Hapo akanyamaza kidogo. Akauliza, "Elfu sita zao ziko wapi, sizioni?" Huwezi kuziona kwa neti, yaani mshahara unaobaki baada ya makato, manake haziji kwako, zinaenda moja kwa moja kwa mfuko. Utaziona kwenye stetimenti, tutafika huko.

Hakikisha kweli uko PSSS

Hili watu wanachanganya sana. PSSS ni ya watumishi wa serikali kuu, walimu walio chini ya TSC, polisi, magereza na kadhalika. Kama wewe ni nesi uliyeajiriwa na kaunti, hauko humu, kaunti zina mifuko yao kina LAPFUND na LAPTRUST, sheria zao tofauti. Mashirika ya serikali mengi yana skimu zao wenyewe. Wanajeshi wana mpango wao. Kwa hiyo usichukue namba za rafiki yako wa polisi aliyetoka chuo cha Kiganjo juzi ukazibandika kwako wewe wa kaunti, mtakosana bure.

Na kama uko kwa kandarasi si ajira ya kudumu, mara nyingi wewe hukatwi pensheni, unawekewa gratuiti, kawaida asilimia 31 ya besiki, unalipwa mkataba ukiisha. Uintani nao hauhesabiki kabisa, ile ilikuwa posho. Mpwa wangu alitumaini miezi yake ya uintani itaingia, nikamwambia wee sahau, saa yako imeanza kuhesabu tarehe iliyo kwenye barua ya ajira.

Soma pesilipu kama unasoma meseji ya M-Pesa

Yaani mstari kwa mstari. Utaona PAYE (kodi ya mshahara), utaona SHIF (bima ya afya) asilimia 2.75, utaona ya nyumba asilimia 1.5, labda HELB (mkopo wa chuo), labda sako. SHIF na nyumba zinapigwa kwa grosi, yaani mshahara pamoja na marupurupu ya nyumba na usafiri. PSSS inapigwa kwa besiki peke yake. Kwa hiyo chukua kalkuleta ya simu, besiki mara 7.5 gawa kwa mia, ikilingana sawa, isipolingana uliza mapema ukiwa bado unakumbuka.

Kitu kizuri ambacho hakuna anayekwambia ni kwamba hizo elfu tatu zinatolewa kabla kodi haijapigwa. Mtu wa besiki 40,000 akiongeza na marupurupu anaangukia kwenye ile sehemu ya kodi ya asilimia 30, kwa hiyo kwa kila elfu tatu anayoweka, KRA inakosa 900. Kiukweli mfukoni mwako imetoka 2,100 tu, na kwa mfuko imeingia 9,000. Nionyeshe chama cha mtaa kinachokupa hivyo.

Sasa angalia sana ile miezi ya mwanzo. Mara nyingi ukiajiriwa hulipwi mwezi uleule, unakaa miwili mitatu halafu unalipwa na malimbikizo kwa mkupuo. Hapo ndipo michango hupotelea. Angalia kama PSSS imekatwa kwa malimbikizo pia ama imekatwa kwa mwezi mmoja tu. Kama umelipwa ya miezi mitatu na makato ni ya mwezi mmoja, una miezi miwili ya 9,000 inayoning'inia hewani, na usipoisemea wewe sijui nani ataisemea.

Kwa nini ujisumbue yote haya

Manake mzigo umehama. Kwa mfumo wa zamani mfuko ukifanya vibaya si shida yako, hesabu ni ileile, miezi gawa kwa 480. Kwa huu mpya unachopata ni kile kilichowekwa pamoja na faida kiliyozaa, hakuna anayekuahidi robo tatu ya mshahara.

Tulipiga hesabu mimi na mpwa wangu nyuma ya bahasha. Elfu tisa kwa mwezi ni 108,000 kwa mwaka. Kwa miaka 30, kama besiki haisogei hata shilingi (itasogea, ila tuseme), bila faida yoyote ni milioni 3.24. Ikizaa asilimia 5 kila mwaka inafika kama milioni 7.2. Ikizaa asilimia 8 inafika kama milioni 12.2. Ona hiyo tofauti, asilimia tatu tu zimeleta milioni tano. Hizo asilimia ni za mfano wangu mimi, sijasema ndizo mfuko unalipa, na bei za vitu nazo zitakuwa zimepanda kwa hiyo milioni 12 ya wakati huo si ya leo. Nachotaka uone ni kwamba mwezi uliokosekana ukiwa na miaka 25 ni ghali kuliko uliokosekana ukiwa na 55, manake ule wa mapema ndo ungezaa muda mrefu.

Na tofauti nyingine, zamani cheo cha mwisho mwisho kilikuwa kinakubebea miaka yako yote, mtu anapandishwa miaka miwili kabla ya kustaafu na pensheni yote inapigwa kwa mshahara huo mkubwa. Hiyo imekwisha kwa wapya. Sasa cheo kikija mapema ndo kinakusaidia, kikija siku za mwisho kinaongeza vijisenti tu.

Fomu ya wanufaika, hapa sasa usilale

Ile fomu ya kuandika nani apate pesa ukifa, watu wanaijaza kama wanajaza kitabu cha wageni getini. Mimi mwenyewe 2021 niliijaza nikiwa na foleni ya watu mbele ya meza yangu, nikaandika mama yangu asilimia mia, nikatia sahihi, nikairudisha. Mama akafariki mwaka uliofuata. Nikamaliza matanga, nikarudi kazini, nikaoa, nikapata mtoto, na fomu bado ina jina la marehemu. Miaka mitatu. Niliikumbuka hiyo jioni ya mahamri nikiwa namfokea mpwa wangu ati ajaze vizuri.

Ukifa ukiwa kazini kuna vitu viwili. Kuna ile akaunti yako, na kuna bima ya maisha ambayo sheria inamtaka mwajiri aiweke, isiyopungua mara tano ya mshahara wako wa mwaka. Kwa besiki 40,000 ni 480,000 mara tano, milioni 2.4. Hiyo ni pesa ya kugombanisha ukoo, usicheke.

Na ujue, kwa sheria ya mafao ya kustaafu Kenya hizi pesa hazihesabiwi kwenye mali ya marehemu, hazingojei ile kesi ya mirathi kortini ya miaka na miaka. Wadhamini wa mfuko ndio wanaogawa, na fomu yako ndiyo inayowaongoza, wao wana nafasi ya kuangalia nani alikuwa anakutegemea kwa kweli. Kwa hiyo fomu ikiwa na jina la marehemu ama la mke mliyeachana 2019, umewapa kazi ya kukisia, na wakati wanakisia familia inakopa.

Andika majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, si "Mama Salma" wala "Baba Kadzo". Weka namba za kitambulisho, za simu, na uhusiano. Gawa asilimia zifike mia, nimeona mtu amegawa zikafika 110. Mtoto chini ya miaka 18 unaweza kumwandika lakini andika na mlezi, na huyo mlezi umwambie, asije akasikia mambo kwenye matanga. Kopi iliyopigwa muhuri ikae nyumbani, mahali mtu mwingine anapajua. Na ukioa, ukiolewa, ukizaa, ukifiwa, ukiachana, unabadilisha.

Jina lako lenyewe pia. Kama kitambulisho kinasema hivi na KRA inasema vile, ama dada uliongeza jina la mume kwa moja na kwa nyingine hukuongeza, rekebisha sasa hivi ukiwa na nguvu za kupanda ngazi za ofisi, usingoje uwe na miaka 60 na magoti yanauma.

Stetimenti

Ukishakatwa miezi miwili mitatu jisajili kwa potali ya wanachama wa mfuko, utahitaji namba ya kazi na kitambulisho na imeili unayoifungua kweli. Usitumie imeili ya ofisi, siku ukiondoka inafungwa. Kila mwaka una haki ya kupata stetimenti, si hisani. Ikifika angalia vitu vitatu: michango yako, michango ya mwajiri ambayo lazima iwe mara mbili ya yako, na faida iliyowekwa.

Pesilipu zote zihifadhi. Pakua kila mwezi uweke kwa foda moja, TPay ama potali nyingine yoyote leo ipo kesho imebadilishwa. Mwenzangu mmoja alikuta mapengo ya miezi minne kwa stetimenti yake na pesilipu zinaonyesha alikatwa yote. Ofisi ya kwanza ikamwambia nenda ya pili, ya pili ikamrudisha ya kwanza, kawaida. Kilichomwokoa ni kwamba alikuwa na pesilipu za hiyo miezi minne zimechapishwa, akaandika barua, akaambatisha, akagongewa muhuri wa kupokelewa kwa kopi yake. Maneno ya mdomo kwa kaunta hayana tarehe. Ukiandika na wasikujibu, kuna mamlaka ya mafao ya kustaafu, RBA, wao ndio wasimamizi wa hii mifuko na wanapokea malalamiko, na juu yao kuna baraza la rufaa.

Ukiacha kazi kabla ya wakati

Hapa huu mfumo mpya umeushinda ule wa zamani. Zamani ukiamka ukaandika barua ya kujiuzulu ulikuwa unaacha na pensheni mezani, kwa hiyo watu walikaa kazini wasizozipenda hadi wafike 50 ya kustaafu mapema. Sasa akaunti ni yako, ukienda shirika jingine unaweza kuihamishia skimu ya huko. Lakini usifikirie ukiacha kazi utabeba gunia zima ununue gari la probox, sehemu yake inabaki imefungwa mpaka umri wa kustaafu, na mimi naona heri, kwa sababu nawajua watu na nawajua maprobox.

Na ukifika 60 salama (65 kwa wenye ulemavu), unaruhusiwa kuchukua hadi theluthi moja taslimu. Theluthi mbili unachagua, ama ununue anuiti kwa kampuni ya bima, wanakulipa kila mwezi maisha yako yote, ama uweke kwa mfuko wa kuchota kidogo kidogo, hauzidishi asilimia 15 kwa mwaka na inakaa angalau miaka kumi. Ile ya kuchota ukifa kilichobaki kinaenda kwa watu wako, anuiti inategemea ulichosaini. Hiyo ya miaka 35 ijayo, tusiumize kichwa leo. Jambo moja tu, tangu marekebisho ya kodi ya Desemba 2024 pensheni ya mtu aliyefika umri wa kustaafu haitozwi kodi.

Ukitaka kuongeza

Unaruhusiwa kuongeza juu ya ile 7.5 kwa hiari, na michango yako hadi 30,000 kwa mwezi haitozwi kodi (zamani ilikuwa 20,000). Unaandika barua kwa ofisi ya wafanyakazi wakukate kwa mshahara, si lazima iwe pesa nyingi. Ila ukiwa na deni la sako la riba kubwa lipa hilo kwanza, mi naona ni ujinga kuweka akiba huku jirani anakula riba yako.

Mpwa wangu kasema ataanza na mia tano, HELB ikiisha apandishe. Fomu ya wanufaika kaijaza palepale barazani, mamake asilimia sitini, mdogo wake arobaini, mlezi wa mdogo kaniandika mimi. Kisha akaniuliza yangu nimeandika nani.